Sudoku ya Kifudifudi

Adero hakuwa mtu wa kulala mchana. Kwa miaka mingi alikuwa amesimamia jiko la chuo kimoja mjini Kisumu, na diploma yake ya upishi ilining'inia ukutani sebuleni kwake Kaloleni, ikiwa imenyooka kama yeye mwenyewe. Wapishi wake walijua kwamba mama huyo akiketi, basi ama kuna sudoku mezani ama kuna msiba. Kwa hiyo Daktari Nangila alipomwambia kwamba baada ya upasuaji wa jicho atakaa ameinamisha kichwa, uso ukitazama sakafu, mchana na usiku, mpaka atakapoambiwa basi, Adero alimjibu kama alivyozoea kujibu watu.

"Daktari, hiyo ni adhabu au ni matibabu?"

"Ni matibabu, Mama. Nitakuwekea gesi ndani ya jicho. Ile ngozi ya nyuma inayoona imebanduka kama karatasi ya ukutani. Gesi hupanda juu siku zote. Ukiinama, nyuma ya jicho ndiyo inakuwa juu, kwa hiyo gesi inaikandamiza ngozi mpaka ishike. Ukiinua kichwa, gesi inahama."

"Na isiposhika?"

Daktari huyo mwanamke hakuzungukazunguka, na kwa hilo Adero alimpenda papo hapo. "Jicho la kushoto lilishakufa zamani, Mama. Hili ndilo lililobaki. Lisiposhika, basi."

Adero alirudi nyumbani akiwa ameshikwa mkono, kidevu kifuani. Jicho lililotiwa gesi liliona mwanga na vivuli tu, kama mtu aliyefumbua macho chini ya maji. Kitanda kilihamishiwa sebuleni. Uso ulitokeza nje ya ukingo wa kitanda, na chini ya paji waliweka kigoda chenye ngata, ile ya kubebea mtungi wa maji kichwani, ili pua ipate nafasi ya kupumua. Hiyo ngata alikuwa ameifikiria yeye mwenyewe, maana mito ya hospitali ilimziba pumzi.

Swali likawa nani atakaa naye mchana. Binti yake, Jentrix, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Manyatta, na ruhusa aliyopewa ilikuwa fupi. Mwanawe Calvince alikuwa kazini ng'ambo. Dorca, dada ya marehemu mumewe, alijitolea kwa moyo mweupe. Akafika asubuhi na chai ya maziwa kwenye chupa, akaketi karibu na kitanda, akaanza kumsimulia Adero habari za kila mtu anayemjua aliyewahi kupofuka, kuanzia Katito mpaka Kendu Bay.

"Na yule wa Katito, maskini, yeye alianza hivihivi tu kama wewe..."

"Dorca," alisema Adero akiongea na sakafu, "nakupenda sana. Nenda nyumbani."

Jioni Jentrix alikaa ukingoni mwa kitanda. Halafu akasema, "Mama, amebaki Baba Lorine."

Baba Lorine ni Waswa, mume wa Jentrix na baba wa mtoto wao Lorine, fundi wa umeme kutoka Bungoma. Ujenzi wa jengo alimokuwa akivuta nyaya ulikuwa umesimama, kwa hiyo mchana alikuwa nyumbani. Lakini mkwe! Kwa Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawali pamoja, hawakai wakitazamana. Kwa Wabukusu, watu wa Waswa, mambo ni hayohayo, na pengine zaidi. Tangu harusi, Adero na Waswa walikuwa wakisalimiana kutoka pembe mbili za ua, yeye akitazama paa, Waswa akitazama viatu vyake. Adero hangeweza kumtambua sokoni kwa sura.

"Jentrix, umerukwa na akili? Mkwe aniuguze mimi kitandani?"

"Si utakuwa umelala kifudifudi, Mama? Wewe humwoni. Na yeye ataona kisogo tu. Unataka heshima gani zaidi ya hiyo?"

Adero akacheka ndani ya ngata. Ilikuwa mara ya kwanza tangu upasuaji.

Waswa alikuja kesho yake, akabisha, akaketi kwenye stuli karibu na mlango, mbali kabisa, mlango ukiwa wazi ili majirani wote wa Kaloleni wauone uadilifu wake.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka nikiwa chini."

"Ndiyo, Mama."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote mpaka saa ya chakula, ambapo Waswa alimwekea sahani karibu na kutoka nje kula barazani. Adero alisikia kila kitu: pikipiki barabarani, jirani akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, saa ya ukutani. Mwili ulimwasha kwa kukosa kazi. Alihisi akikaa hivyo siku moja zaidi atanyanyuka tu, jicho au si jicho, aende akaoshe sufuria.

"Baba Lorine. Umekuja na gazeti?"

"Ndiyo, Mama. Nikusomee habari?"

"Habari za nini! Ukurasa wa nyuma kuna sudoku?"

"Iko, Mama. Imeandikwa kwamba ni ngumu sana."

"Chukua kalamu ya risasi."

Waswa alijua sudoku kama watu wengi wanavyoijua: gridi ya vyumba themanini na moja, na kila mstari wa kulala, kila safu ya kusimama na kila nyumba ndogo ya vyumba tisa lazima iwe na namba moja hadi tisa bila kurudia. Alikuwa akijaza zile rahisi akisubiri fundi mwenzake, na zikimshinda anabahatisha. Adero alimwambia kwamba katika nyumba hii hakuna kubahatisha. Yeye atakuwa kichwa, Waswa atakuwa macho.

Kazi ilianza polepole. Waswa alisoma namba zilizopo, mstari kwa mstari, Adero akizipanga akilini kama alivyokuwa akipanga meza za chuo. Halafu akamtaka aandike katika kila chumba kitupu, kwa mwandiko mdogomdogo, namba zote zinazoweza kuingia humo. Hapo ndipo wengi huishia. Adero ndipo alipoanzia.

"Angalia mstari wa tano. Kuna vyumba viwili vyenye namba mbili tu, na namba ni zilezile?"

Waswa alipitisha kalamu mstarini. "Viko, Mama. Hiki ni tatu au nane. Na kile ni tatu au nane."

"Hao ni mapacha. Kama Apiyo na Adongo wa Kijaluo. Mmoja atachukua tatu, mwenzake nane, hatujui nani atachukua ipi, na wala haituhusu. Lakini tatu na nane za mstari huo ni zao. Wengine wote kwenye mstari, wafutie tatu na nane."

Waswa alifuta. Chumba kimoja kikabaki na namba moja tu, na hiyo ikafungua kingine, na kingine.

"Ai! Mama! Zinaanguka zenyewe!"

Alikuwa amesahau heshima kwa sekunde nzima. Adero alitabasamu kwa sakafu.

Basi siku zikawa na kazi. Waswa akawa anafika na gazeti kabla umande haujakauka, na stuli ikawa inasogea kutoka mlangoni kuja ndani, kila siku kidogo, bila mtu yeyote kulizungumzia. Adero alimfundisha mbinu aliyoiita kona nne. "Tafuta saba. Kama mstari wa pili saba inaingia safu ya tatu au ya nane tu, na mstari wa sita vilevile, safu ya tatu au ya nane tu, umepata kona nne za meza. Saba zitakaa kwenye kona mbili zinazokingamana, hii na ile, au zile nyingine. Vyovyote vile, safu ya tatu ina saba yake na safu ya nane ina yake. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... vyumba vingine vya safu hizo nivifutie saba?"

"Ulikuwa wapi siku zote? Jentrix alikuficha."

Waswa alicheka, akaziba mdomo. Nje jirani aliuliza kwa sauti ni nani anayecheka kwenye nyumba ya mgonjwa.

Jumapili gazeti lilikuja na sudoku ya wiki, ile ambayo Adero, hata akiwa na jicho zima, alikuwa akiipeleka hadi Jumatano. Walianza baada ya Jentrix kwenda kanisani na Lorine. Mapacha wakapatikana, kona nne ikapatikana, na bado gridi ilikaza kama kifuniko cha chupa.

"Tunahitaji bawaba," alisema Adero. "Nitafutie chumba chenye namba mbili kinachoonana na vyumba viwili vingine vyenye namba mbili. Kuonana ni kuwa mstari mmoja, safu moja au nyumba moja."

Waswa alichukua muda mrefu. Hatimaye akapata. Mstari wa nne, safu ya tano: nne au tisa. Kando yake kwenye mstari uleule, safu ya nane: nne au sita. Na chini ya kile cha kwanza, mstari wa saba, safu ya tano: tisa au sita.

"Hapo hapo! Hicho cha nne au tisa ndicho bawaba, na hivyo viwili ni milango yake. Bawaba ikiwa nne, mlango wa kwanza lazima uwe sita. Ikiwa tisa, mlango wa pili lazima uwe sita. Igeuke itakavyo, mmoja wa milango ni sita. Kwa hiyo chumba kinachoonana na milango yote miwili hakiwezi kuwa sita kamwe. Futa sita kwenye mstari wa nane, safu ya saba."

Kalamu haikusikika.

"Umefuta?"

"...Ndiyo, Mama."

Kilichobaki katika chumba hicho kilikuwa nane. Waliiweka, wakasonga. Namba zikaanza kuingia kwa kasi, na Adero akawa anazitaja kabla Waswa hajamaliza kusoma. Halafu ghafla kalamu ya Waswa ikasimama.

"Mama. Mstari wa tisa hauna pa kuweka nane."

"Haiwezekani."

"Vyumba vyote vimeikataa, Mama."

Adero alirudi nyuma akilini, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye bawaba. Mlango mmoja safu ya nane. Mlango mwingine mstari wa saba. Chumba kinachoonana na vyote viwili ni mstari wa saba, safu ya nane. Yeye alikuwa amesema mstari wa nane, safu ya saba. Alikuwa amegeuza mwenyewe, kwa ulimi wake.

Na ndipo alipoikumbuka ile kalamu iliyokuwa kimya.

"Baba Lorine. Niliposema mstari wa nane, uliona kwamba nimekosea?"

Stuli ililia kidogo. "Niliona, Mama."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje, Mama? Wewe ni mama yangu mkwe. Nikuambie umekosea?"

Adero alitaka kucheka, lakini wazo lingine likamjia. Aliuliza polepole, kwa namna isiyo ya kawaida yake.

"Kuna kingine ulichoona ukanyamaza?"

Kanisani mbali kidogo watu walikuwa wakiimba.

"Kichwa, Mama."

"Kichwa gani?"

"Chako. Ukifikiria sana unakiinua. Ukipata namba unakiinua zaidi. Leo wakati wa bawaba ulikuwa unatazama ukuta kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," alisema Waswa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Nilikuwa nakohoa ili urudi. Hukusikia."

Adero alibonyeza paji la uso kwenye ngata mpaka likauma. Aliona mbele yake maisha yote yaliyobaki yakiwa ni vivuli vile vya chini ya maji, na kijana mwenye adabu akikohoa pembeni. Hakuwa na nguvu ya kumkasirikia. Angemkasirikiaje? Alikuwa amefanya kile ambacho kila mzazi wa pande zote mbili alikuwa amemfundisha. Hata yeye Adero angemsema vibaya mjini kote kama angefanya kinyume.

Walimpigia Daktari Nangila. Alisikiliza, akasema kwamba kwa simu hawezi kujua kama kumeharibika, gesi bado ipo, arudi chini na abaki chini. "Na aliye naye hapo amkumbushe bila huruma," alisema, akakata simu.

"Umemsikia?" Adero aliuliza.

"Nimemsikia, Mama."

"Heshima yako nimeiona na ninaishukuru. Sasa iweke nje kule barazani na viatu vyako. Ukiona namba imekosewa, sema. Ukiona kichwa kimepanda, sema. Usikohoe. Mimi si kuku."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Turudi kwenye bawaba."

Walifuta yote mpaka pale, wakaondoa sita kwenye mstari wa saba, safu ya nane, na chumba hicho kikabaki na namba moja tu, mbili. Katikati Waswa akasema, kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeingia maji baridi, "Mama... kichwa." Adero akashuka. Baadaye kidogo: "Mama, kichwa." Akashuka tena. Kufikia wakati Jentrix anarudi kutoka kanisani, sudoku ya wiki ilikuwa imejaa, na Waswa alikuwa amemwambia mama mkwe wake "hapana" mara tatu bila mbingu kuanguka.

Mtihani wenyewe ulikuja katikati ya wiki. Dorca aliwaleta akina mama wa kanisa kumwombea. Waliingia na mikoba na nyimbo, sebule ikajaa marashi na vitambaa vya kichwani. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti tamu, alisema, "Dada yetu, tukusimamishe kidogo tu, tukuwekee mikono kichwani. Kwa Mungu hakuna lisilowezekana."

Adero ni mtu wa kanisa. Mtu akija kukuombea, huongei naye ukiwa umempa kisogo. Bila kufikiri aliweka viganja vyake kitandani akaanza kujiinua.

"Mama, hapana!"

Sebule nzima iligeuka. Waswa alikuwa amesimama, stuli imeanguka nyuma yake.

"Rudi chini, Mama. Sasa hivi. Kichwa chini."

"Yawa!" Dorca alishika kifua. "Jamani, mmesikia? Anamwamrisha mama yake mkwe! Mbele ya watu!"

"Na nitamwamrisha tena, Auntie," alisema Waswa. Hakukaa chini. "Jicho ni moja. Mwombeeni hivyohivyo alivyo. Mungu anaona kisogo pia."

Adero alikuwa tayari ameshuka. Uso wake ulikuwa ndani ya ngata na machozi yalikuwa yakidondoka moja kwa moja sakafuni, bila hata kupita shavuni. "Fanyeni anavyosema," alisema. "Huyo ndiye daktari wa zamu."

Kisha yule mama mnene aliweka mkoba wake pembeni, akashika goti moja, akashika la pili, akashuka mpaka sakafuni kwa shida, akalala ubavu ili uso wake uonane na uso wa Adero. "Basi sisi ndio tutakuja kwako," alisema. Wengine nao wakashuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote walikuwa chini, Dorca wa mwisho akilalamikia nyonga yake. Waliomba hivyo, wamelala kwenye sakafu ya saruji, na Adero alisema baadaye kwamba hajawahi kuombewa akasikia kama siku ile.

Siku ya kliniki ilipofika, Jentrix alimpeleka. Waswa alibaki nje ya geti la hospitali kwa sababu hakujua kama zamu yake imekwisha. Daktari Nangila aliwasha taa yake, akatazama ndani ya jicho kwa muda mrefu, akahema, akatazama tena. Adero alishika ukingo wa kiti.

"Imeshika," alisema daktari. "Imeshika vizuri kabisa. Ulikuwa na mtu mkali nyumbani?"

"Nilikuwa naye."

"Mshukuru."

Gesi haiondoki kwa siku moja. Hupungua taratibu, na mgonjwa huona mstari ukishuka, kama maji yanayoteremka kwenye pipa la plastiki: juu ya mstari dunia ni safi, chini yake kuna ukungu. Adero alianza kuona paa la nyumba. Halafu kamba ya nguo. Halafu vichwa vya watu bila miili, jambo lililomchekesha hata akajitahidi kumweleza kila mgeni. Kila kitu kilichoingia juu ya mstari alikisemea asante kimoyomoyo, hata bomba la maji lililovuja la jirani.

Asubuhi moja Waswa alikuja kumchukua Lorine, aliyekuwa amelala kwa nyanya yake. Kazi ya jengo ilikuwa imeanza tena, na alikuwa amevaa nguo za kazi. Alisimama uani mbali, kama zamani, akitazama viatu vyake.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka nikiwa juu. Baba Lorine, sogea."

"Niko sawa hapa, Mama."

"Sikukuuliza kama uko sawa. Sogea, halafu inua uso nikuone."

Dorca, aliyekuwa akichambua mboga ya sukuma barazani, aliacha mikono hewani. Waswa alisogea hatua chache. Akainua uso.

Adero alimtazama bila haraka, kwa jicho ambalo wote wawili walikuwa wamelipigania. Aliona paji pana. Aliona nyusi nene zilizokaribia kukutana, na pua ya Lorine, ileile kabisa, ambayo siku zote alidhani imetoka upande wake. Aliona mwanya kwenye meno, kwa sababu kijana alikuwa akitabasamu kwa woga. Mstari wa gesi ulimkata kifuani, na chini ya hapo alikuwa ukungu.

"Kumbe ndiwe wewe," alisema Adero. "Asante, mwanangu. Nasema mbele ya Dorca ili akaeneze. Jicho hili ni la Mungu, ni la Daktari Nangila, na ni la kwako. Ero kamano, asante."

Waswa hakujua aangalie wapi. Viatu vilikuwa mbali, paa lilikuwa mbali, basi akamwangalia yeye.

"Haya, inatosha," alisema Adero akifuta shavu kwa ncha ya leso. "Usizoee. Nenda kazini."